Homa Isiyongoja Asubuhi



Katika nyumba zetu za mwambao, homa ni mgeni aliyezoeleka. Huja na mvua za masika, huja na mbu, huja na mafua ya watoto wa chuoni, na kila mama ana desturi yake ya kuipokea: kitambaa cha maji, vidonge viwili vya Panadol, uji mwepesi, na kauli ya kwamba tulale, asubuhi tutaona. Mara nyingi asubuhi ikifika homa imekwenda zake, na hakuna aliyedhurika kwa kungoja.

Makala yetu ya juma hili yahusu nyumba ambayo desturi hiyo haiifai kabisa, nayo ni nyumba yenye mgonjwa wa saratani ya damu, iitwayo lukemia, anayetibiwa kwa dawa za kemo. Kwa mgonjwa huyu, homa ya usiku huenda ikawa ndiyo dalili ya pekee kwamba bakteria wameingia katika damu yake, na asubuhi huenda ikawa ni kuchelewa. Mgonjwa hutiwa dawa hospitalini, kisha hurudi nyumbani kungoja zamu yake nyingine, na ni humo nyumbani, mikononi mwa mama, mke au binti, ndimo homa imkutamo. Kwa hivyo twawaandikia hasa nyinyi, dada zetu na mama zetu, kwa kuwa uamuzi wa kwanza huwa ni wenu.

Ngome isiyo na askari

Damu ya mwanadamu hutengenezwa ndani ya uboho, ule ute laini uliomo katika mifupa. Humo hutoka chembe nyekundu zichukuazo hewa, chembe ndogo zigandishazo damu mtu anapojikata, na chembe nyeupe zipiganazo na maradhi. Lukemia ni saratani ianzayo humo humo. Chembe nyeupe zilizoharibika huzaana bila ya kiasi, hujaza uboho, na kuzisonga zile nzima. Hivyo mgonjwa aweza kuonekana ana chembe nyeupe tele katika karatasi ya vipimo, na huku kinga hana.

Dawa za kemo nazo huua chembe zinazozaana kwa haraka. Huziua za saratani, lakini hazitambui vyema baina ya adui na rafiki. Ndiyo sababu nywele hudondoka, ngozi laini ya ndani ya mdomo na utumbo huchubuka, na uboho husimama kazi kwa muda. Katika chembe nyeupe zimo ziitwazo nyutrofili, ambazo ndizo za mwanzo kumfikia bakteria aliyepenya. Kwa kawaida mtu mzima mwenye afya huwa nazo kuanzia 1,500 na kuendelea katika mikrolita moja ya damu, ambayo ni chembe ya tone. Zikishuka chini ya 500, mgonjwa yumo katika hatari kubwa. Kwa dawa nyingi za kemo, upungufu huo hufika kina chake baina ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa kutiwa, na katika tiba kali ya mwanzo ya lukemia waweza kudumu majuma kadhaa.

Jambo hili lilithibitishwa kwa hesabu mwaka 1966, pale Gerald Bodey na wenzake nchini Marekani walipochapisha uchunguzi wao juu ya wagonjwa 52 wa lukemia. Walionyesha kwamba kadiri nyutrofili zinavyopungua, na kadiri upungufu unavyodumu, ndivyo maambukizi yanavyozidi. Hadi leo madaktari hutazama mambo hayo mawili: ni ngapi zimebaki, na kwa siku ngapi.

Hapa pana jambo ambalo huwapoteza wengi. Kwa mtu wa kawaida, jeraha lililoingia uchafu huvimba, huwa jekundu na kutunga usaha, nasi twajua pana ubaya. Lakini usaha kwa sehemu kubwa ni mabaki ya nyutrofili zilizokufa vitani. Asiyekuwa nazo hatungi usaha. Koo lake laweza kuambukizwa bila ya kuvimba sana, na mapafu yake yaweza kuingiwa na kikohozi kisiwepo. Ngome haina askari, basi hapasikiki kelele za vita. Kinachobaki mara nyingi ni homa peke yake.

Wageni wasiotarajiwa

Wapo bakteria ambao madaktari huwatarajia katika hali hii, mathalani wale watokao utumboni na wale wakaao juu ya ngozi. Lakini lukemia huwafungulia mlango hata viumbe ambao sisi wenye afya twaishi nao kila siku bila ya kuwajua kwa majina. Tutawataja wachache, si kwa kutia hofu, bali msomaji apate kuona jinsi walivyo karibu.

Wa kwanza yumo jikoni. Bacillus cereus hukaa katika udongo, vumbi na nafaka, pamoja na mchele. Hujifungia katika mbegu ngumu mfano wa ganda, ambazo huweza kusalimika hata maji yakichemka. Sufuria ya wali ikiachwa mezani usiku kucha katika joto la pwani yetu, mbegu hizo huamka na kuzaana, na mojawapo ya sumu wazitoazo bakteria hao haiharibiki hata chakula kikipashwa moto. Mtu mwenye afya akila kiporo hicho huenda akatapika au akaharisha siku moja, kisha akapoa. Kwa mgonjwa wa lukemia asiye na nyutrofili, madaktari wameshuhudia bakteria huyo akitoka utumboni, akaingia damu, na akafika hata ubongoni. Mwaka 2004 madaktari wa hospitali ya watoto ya St. Jude mjini Memphis, Marekani, walichapisha habari za watoto wenye saratani waliopatwa na maambukizi hayo, wakaona uhusiano baina yake na unywaji wa chai. Nchini Japani bakteria hao hao walipatikana katika taulo za hospitali zilizokuwa zikifuliwa na kutumiwa tena. Hatusemi chai ni mwiko kwa mgonjwa. Twasema ipikwe ikachemka, inywewe ingali moto, na isilale katika chupa hadi kesho.

Wa pili yumo mdomoni. Leptotrichia na Rothia ni majina ya bakteria wakaao baina ya meno na juu ya ulimi wa watu wengi, na hawamdhuru mtu. Kemo ikichubua mdomo, vidonda hivyo huwa milango, nao hupita moja kwa moja hadi katika damu.

Wa tatu yumo majini, na jina lake ni Stenotrophomonas maltophilia. Hupenda mabomba, masinki na kila penye unyevu. Huyu ana ajabu yake, kwa kuwa kwa maumbile yake huzishinda baadhi ya antibiotiki kali zitumiwazo katika vyumba vya wagonjwa mahututi, na huku Septrin, dawa ya zamani ambayo kila nyumba yaijua, mara nyingi humuweza. Kwa hivyo dawa iliyo ghali si lazima iwe ndiyo dawa imfaayo mgonjwa, na bila ya kipimo hakuna awezaye kujua.

Wa nne, Clostridium septicum, hutoka katika udongo na utumbo. Hupenya pale utumbo ulipochubuliwa na kemo, na huweza kumuangusha mgonjwa kwa muda wa saa chache. Maumivu ya tumbo pamoja na homa, hasa upande wa kulia chini, si jambo la kulitibu kwa maji ya tangawizi.

Kila mmoja wa hao ni nadra, na daktari aweza kufanya kazi miaka mingi asikutane na baadhi yao. Lakini mama aliyeketi kitandani pa mgonjwa usiku hawezi kujua kwa kugusa kipaji cha uso kwamba homa hii ni ya nani. Daktari naye hawezi kujua kwa kutazama. Wote wawili hawana budi kufanya jambo moja, nalo ni kuharakisha.

Dakika 60

Zamani madaktari walikuwa wakingoja. Mgonjwa wa lukemia akipata homa, damu yake ilipelekwa maabara, na majibu yakasubiriwa siku mbili tatu kabla ya kuchagua dawa. Wengi walifariki kabla majibu hayajarudi. Mwaka 1971 Stephen Schimpff na wenzake mjini Baltimore, Marekani, walichapisha matokeo ya njia nyingine: dawa zianzwe mara tu homa ionekanapo, kabla ya kumjua adui kwa jina, kisha zibadilishwe majibu yakija. Njia hiyo iliokoa maisha, na leo ndiyo kanuni. Miongozo ya tiba husema antibiotiki ya kwanza ipite mshipani ndani ya dakika 60 tangu mgonjwa afike hospitalini.

Basi nyumba yenye mgonjwa wa namna hii iwe na kipimajoto, na kila aliyemo ndani ajue kukisoma. Joto likifika nyuzi 38.3 mara moja tu, au likikaa nyuzi 38 kwa muda wa saa moja, hiyo ni homa ya kwenda hospitali, iwe mchana au usiku wa manane. Ikiwa daktari wenu amewapa kipimo kilicho chini ya hicho, fuateni chake.

Msimpe Panadol kabla ya kumpima, kwa sababu dawa hiyo hushusha joto na kuificha ishara, na bakteria hubaki palepale. Wala msinunue antibiotiki dukani na kuanza wenyewe, kwani hizo huenda zisimuweze aliyeingia, na tena huharibu kipimo cha damu.

Tena jihadharini na jambo hili. Mgonjwa anayetumia dawa za jamii ya steroidi, kama vile prednisoloni au deksamethasoni, ambazo ni sehemu ya tiba ya aina fulani za lukemia, aweza kuwa na bakteria katika damu bila ya joto kupanda. Akitetemeka kwa baridi, akichanganyikiwa, akipumua kwa kasi, au akilegea ghafla, mchukueni vivyo hivyo.

Mkifika mapokezi, semeni maneno haya kwanza, kabla ya jina na kabla ya kadi: mgonjwa huyu ana saratani ya damu, yumo katika kemo, na ana homa. Pwani yetu ni nchi ya malaria, na ni desturi ya hospitali zetu kuanza kwa kipimo cha malaria. Na kipimwe, ni haki kupimwa. Lakini antibiotiki isingoje majibu ya malaria, na malaria ikionekana isiwe ndiyo sababu ya kuacha kutafuta bakteria, kwa kuwa mgonjwa mmoja aweza kuwa na yote mawili.

Kipimo cha kutakia ni kile cha kuotesha damu, ambacho damu hutiwa katika chupa maalumu na kuwekwa katika joto ili bakteria waliomo, kama wamo, waote na watambulike. Damu hiyo hutolewa kabla ya dawa ya kwanza, bila ya kuichelewesha dawa. Kazi hii si ngeni kwetu. Mwaka 2005 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya Kilifi, ambapo watoto waliolazwa walioteshewa damu. Hawakuwa wagonjwa wa lukemia, lakini ilidhihirika kwamba bakteria wa damu walihusika katika takriban robo ya vifo vyote vya watoto hospitalini humo. Yaani homa nyingi zilizodhaniwa ni za kawaida hazikuwa hivyo.

Na majibu yakirudi bila ya kitu, msione kwamba mlihangaika bure. Katika wagonjwa 100 wenye homa na upungufu wa nyutrofili, ni baina ya 10 na 25 tu ambao bakteria huonekana katika damu. Waliobaki nao hutibiwa, kwa sababu hakuna awezaye kuwabagua mapema.

Tumezungumza kana kwamba hospitali iko mtaa wa pili. Kwa aliye Faza au Kizingitini, mashua hutangulia kabla ya gari. Kwa aliye ndani ya Kwale au Tana River, njia ni ndefu na usiku magari ni haba. Hawa wamuulize daktari kabla ya kuruhusiwa kurudi: ni siku zipi ambazo kinga yake itakuwa chini kabisa, na ni hospitali gani iliyo karibu nasi iwezayo kumpa dawa ya kwanza? Wapewe barua yenye jina la maradhi, jina la dawa za kemo, tarehe aliyotiwa na simu ya kitengo. Ikiwezekana, siku hizo za hatari mgonjwa akae kwa jamaa wa mjini. Homa ikimkuta mbali, aende kwanza penye dawa ya karibu, apate dozi ya mwanzo, kisha ndipo apelekwe hospitali kubwa.

Ruhusa na kikao

Tuseme wazi jambo ambalo huchelewesha watu katika miji yetu. Mume yuko safarini au baharini, mjomba ndiye mwenye gari, shemeji hapokei simu, na mama peke yake yuko na mtoto mwenye homa. Huyu mama asingoje kikao wala ruhusa ya mtu. Kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia yetu, na dharura ina hukumu yake. Atoke, amchukue mgonjwa, awapigie simu akiwa njiani. Nasi twawaomba waume na wazee waitoe ruhusa hiyo mapema, kwa ulimi wao, siku ile ile tiba inapoanza, ili usiku ukifika pasiwe na wa kuogopa lawama.

Twawaomba pia wenye magari na wenye bodaboda wa mtaa wajulishwe habari hii, na nauli ya dharura iwekwe kando. Jamaa wanaotaka kusaidia wasilete vyakula pekee. Kibunda cha pesa cha safari ya usiku ni sadaka iliyofika mahali pake.

Desturi zetu na mgonjwa wetu

Kuzuru mgonjwa ni jambo jema lenye thawabu kubwa, na hatumzuii mtu kheri. Lakini adabu ya kuzuru ni kutomdhuru tunayemzuru. Katika siku za upungufu, mwenye mafua, kikohozi au kuharisha amuombee dua akiwa kwake na amsalimie kwa simu. Aliye mzima anawe mikono kwa sabuni, asimbusu, asikae sana, na wasijazane kumi chumbani.

Mdomo usafishwe kila siku kwa uangalifu. Mswaki wa mti una heshima yake kwetu, lakini nyuzi zake ngumu huweza kuchana fizi zilizodhoofika. Brashi laini na kusukutua kwa maji ya chumvi vyatosha, maana kusudio ni usafi.

Hijama, yaani kuumika, isifanywe kabisa katika muda huu, kwa kuwa chembe za kugandisha damu nazo ni chache na kila chale ni mlango. Kombe na maji ya kusomewa, kwa wanaotumia, yawe ni maji yaliyochemshwa katika chombo safi. Mwenye mpira wa dawa katika mshipa wa kifua au mkono asiuloweshe wakati wa kutawadha au kuoga. Mwenye bandeji ana hukumu zake katika fikihi, na amuulize mwalimu wake. Ramadhani ikifika, mgonjwa huyu ana udhuru ulio wazi, wala asione haya kula.

Baadhi ya dawa za kemo hufunga choo, na mojawapo ni vinkristini. Asili ya dawa hiyo ni ua dogo la waridi au jeupe lililotoka Bukini, yaani Madagascar, ambalo hupandwa kuwa pambo katika nyua nyingi. Asije mtu akalichemsha ua hilo kwa kudhani ni dawa ile ile, kwani lina sumu, na hospitalini hupimwa kwa miligramu. Na choo kikifunga, mgonjwa asipigwe bomba wala asitiwe dawa ya kupachika kwa njia ya haja kubwa, bali daktari aulizwe, kwa kuwa mchubuko mdogo huko watosha kuwaingiza bakteria.

Katika chakula, kanuni ni usafi: kipikwe kikaiva, kiliwe kingali moto, matunda yaoshwe na kumenywa, maziwa mabichi na ya mgando wa nyumbani yaachwe, na kiporo kisimkaribie. Lakini msimnyime matunda yote na mboga zote kwa hofu. Tafiti zilizolinganisha vyakula vya masharti makali na chakula cha kawaida kilichotayarishwa kwa usafi hazikuona kwamba masharti hayo yalizuia maambukizi. Mgonjwa ahitaji nguvu.

Asilaumiwe aliyeuguza

Twamalizia kwa jambo zito. Mgonjwa akizidiwa, au akifariki, husikika minong'ono: ni chakula alichompa, ni mgeni aliyemruhusu, ni kutojua kuuguza. Ukweli ni kwamba mara nyingi bakteria hao hutoka katika mwili wa mgonjwa mwenyewe, katika mdomo wake na utumbo wake, ambako walikuwa wakiishi naye tangu utotoni. Nyumba yaweza kuwa safi kuliko hospitali, na homa ikaja. Usafi hupunguza milango, lakini hauifungi yote. Kwa hivyo aliyeuguza kwa moyo wake wote asibebeshwe mzigo huo juu ya msiba alio nao.

Lililo mikononi mwetu ni lile linalofuata baada ya kipimajoto kuonyesha 38.3. Hapo pana muda, nao ni mfupi, na waliofika mapema wengi wao hutibiwa wakarudi majumbani mwao kuendelea na tiba. Leo hii, kabla ya usiku kuingia, mwenye mgonjwa anunue kipimajoto, aandike namba ya simu ya kitengo ukutani, na akubaliane na mwenye gari.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowauguza, na awarehemu waliotangulia. Amin.